Programu moja au ngazi mbili: vitabu vya kampuni vinakaa wapi?



Kila mara tunapopita katika kartie za Manika na Dilala kuonana na familia zilizohamishwa, swali moja linarudi. Watu wanatuuliza: "Ofisi ya kampuni iko hapa hapa Kolwezi. Mkubwa wake tunamwona akipita katika gari kila asubuhi. Kwa nini anatuambia tungoje jibu kutoka ng'ambo? Anatudanganya?" Hatuwezi kusema kwamba hakuna anayedanganya. Lakini mara nyingi mtu huyo anasema kweli. Jina lako limeandikwa ndani ya programu ya kompyuta ambayo yeye anaruhusiwa kuisoma tu. Kuibadilisha hawezi, na amri ya kulipa inatolewa na mtu mwingine ambaye hajakanyaga Manika hata siku moja.

Katika makala hii tunapenda kueleza jambo ambalo kwa kawaida wahasibu wanalizungumza wenyewe kwa wenyewe: namna kampuni kubwa inavyochagua programu ya kuendesha kazi na hesabu za kampuni zake ndogo. Tulisita kuliandika, maana ni jambo kavu. Lakini tumekwisha kuona ugomvi wa kweli ukizaliwa humo, na tutausimulia mbele kidogo.

Kampuni mama na kampuni tanzu

Migodi mingi mikubwa inayozunguka mji wetu ni kampuni tanzu. Maana yake ni sosiete iliyoandikishwa Kongo, kwa sheria za Kongo, lakini hisa zake nyingi ziko mikononi mwa kampuni nyingine iliyo mbali. KCC, inayochimba KOV na kusafisha shaba Luilu, ni robo tatu ya Glencore ya Uswisi na robo moja ya Gécamines. Tenke Fungurume Mining ni asilimia 80 ya CMOC ya China na asilimia 20 ya Gécamines. Kamoa Copper, upande wa magharibi wa mji, ina mama wawili: Ivanhoe ya Kanada na Zijin ya China, kila mmoja asilimia 39.6, serikali yetu ina asilimia 20, na kipande kidogo kinachobaki ni cha kampuni inayoitwa Crystal River.

Wazee wetu walizoea mambo mengine. Zamani Gécamines ilikuwa na Groupe Ouest hapa Kolwezi, Centre kule Likasi na Sud kule Lubumbashi, na mkubwa wa wote alikaa Lubumbashi. Mtu aliyedai mshahara wake alijua apande treni aende wapi. Leo ukitaka kumfuata mkubwa wa mwisho, huenda ukahitaji viza.

Kampuni mama ina wajibu wa kuonyesha wenye hisa wake, kila mwaka, hesabu za jamaa nzima zikiwa zimeunganishwa. Kuunganisha si kujumlisha tu. Tuseme kampuni ya Kolwezi imemwuzia dada yake wa Ulaya shaba. Katika kitabu cha Kolwezi hayo ni mauzo, katika kitabu cha dada ni manunuzi, lakini kwa mama bado hakuna kilichouzwa, mpaka shaba ile imfikie mtu wa nje ya jamaa. Kwa hiyo biashara ya ndugu kwa ndugu lazima ifutwe katika hesabu ya pamoja. Ukiwa na kampuni tanzu thelathini katika nchi kumi na tano, kazi hiyo kwa kalamu haiwezekani. Hapo ndipo programu inapoingia.

Programu hizo, kama SAP ya Ujerumani na Oracle ya Marekani, haziandiki fedha peke yake. Zinashika ghala, mishahara, mafuta, vipuri vya malori, mikataba na orodha ya watu wote wa kulipwa. Sikilizeni vizuri jambo hili, kwa sababu linawagusa. Familia inayolipwa fidia mara nyingi inaandikwa humo katika orodha ile ile ya wauzaji wa matairi na simiti. Programu nyingi zinajua aina mbili tu za watu wa kulipwa: mfanyakazi na muuzaji. Mama aliyeacha nyumba na muhembe wake si mfanyakazi, basi anakuwa "muuzaji" mwenye namba.

Daftari moja au madaftari mengi

Tuchukue mfano wa mama mfanyabiashara wa unga. Ana depo Lubumbashi, na watoto wake wanauza katika meza tatu: Likasi, Fungurume na soko la Manika. Anaweza kuchagua njia mbili.

Njia ya kwanza: daftari ni moja tu, liko kwake. Kila mtoto akiuza mfuko mmoja, anapiga simu mara hiyo na mama anaandika. Mama anajua kila saa mifuko mingapi imebaki kila mahali. Mtoto hawezi kuficha kitu. Lakini simu ikikatika, mtoto wa Manika anasimama. Na kama mteja wa Manika anataka kukopa mpaka mwisho wa mwezi, mtoto hana ruhusa, kwa sababu katika daftari la mama hakuna mstari wa mkopo.

Njia ya pili: kila mtoto ana daftari lake, analiandika anavyojua, kwa desturi za soko lake. Jumamosi anatuma muhtasari: nimeuza kiasi hiki, nimetumia kiasi hiki, nina deni hili. Mama anabaki na daftari kubwa la muhtasari. Meza haisimami, mteja anahudumiwa. Lakini mama anajua mambo ya Manika siku ya Jumamosi tu, na inambidi aamini muhtasari.

Kampuni zinafanya hivyo hivyo. Njia ya kwanza inaitwa programu moja: mama na watoto wote wanaingia katika seva moja, orodha moja ya akaunti, sheria moja ya nani anaidhinisha nini. Njia ya pili inaitwa ngazi mbili: kampuni mama inabaki na programu yake kubwa, nzito na ya gharama, na kampuni tanzu inatumia programu nyepesi inayofaa nchi yake, kama Sage, ambayo wahasibu wengi wa nchi zinazosema Kifaransa wameijifunza shuleni, au Odoo, iliyoanzia Ubelgiji. Kila mwisho wa mwezi daraja la kompyuta linavusha jumla kutoka ngazi ya chini kwenda ngazi ya juu.

Kongo ina desturi zake za hesabu

Tangu mwaka 2012 nchi yetu iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika zenye sheria moja ya biashara. OHADA inataka kila kampuni iandike hesabu zake kwa mpango wake, kwa lugha rasmi ya nchi na kwa fedha halali ya nchi. Kila akaunti ina namba inayojulikana: zinazoanza na 40 ni za wanaotudai, 41 za tunaowadai, 57 ni kasha, 70 ni mauzo. Mwanafunzi aliyesoma ufundi wa biashara hapa Kolwezi anazijua kwa kichwa. Mpango wenyewe ulirekebishwa, na marekebisho yakaanza kutumika mwaka 2018. Vitabu na karatasi zake lazima zihifadhiwe miaka 10.

Sasa kampuni mama ya Toronto au ya Shanghai ina namba zake nyingine kabisa. Ikilazimisha programu moja, inabidi mtu akae katikati na kamusi ya akaunti: namba hii ya kwao ni namba ipi ya kwetu? Kamusi ikiwa na kosa, kosa linarudi kila mwezi. Ikichagua ngazi mbili, kamusi bado inahitajika, ila inatumika mara moja kwa mwezi, juu ya jumla, si juu ya kila ankara. Hapo ndipo tunapoona kwamba ngazi mbili inafaa zaidi kwa mahali kama petu. Mkaguzi wa kodi wa Kolwezi anafungua kitabu, anakuta mpango anaoujua, kwa Kifaransa, kwa faranka. Hakuna haja ya kungoja mtu wa ng'ambo achapishe karatasi.

Kuna pia umeme na intaneti. Hatuna haja ya kuwaeleza habari za SNEL. Migodi ina jenereta zake, lakini intaneti ni jambo lingine. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, serikali ilikata intaneti nchi nzima tangu tarehe 31, na ilirudi baada ya siku kama 20. Ofisi ambayo kila kitabu chake kiko katika seva ya Ulaya, na haina njia ya satelaiti, ifanye nini siku 20? Yenye kitabu chake katika kompyuta iliyo chumba cha pili inaendelea kuandika, na inavusha jumla baadaye.

Jina lililopotea

Tulisema kwamba tumeona ugomvi. Miaka michache iliyopita tuliitwa katika kartie moja ya Manika. Kampuni, ambayo hatutaitaja, ilikuwa imebandika orodha ya familia za kulipwa awamu ya pili ya fidia. Katika awamu ya kwanza wote walilipwa kwa mkono, mbele ya mashahidi, kwa orodha ya karatasi. Kwa awamu ya pili orodha iliingizwa katika programu ya kampuni mama, na malipo yapitie benki. Familia tisa hazikuonekana. Sita kati yao zilikuwa za watu wenye asili ya Kasai.

Mnajua hapa kwetu neno hilo lina uzito gani. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Katanga. Maelfu walilala katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengi walifia hapo hapo. Wengine walirudi baadaye, wengine walikuja upya kwa ajili ya kuchimba. Basi siku ile, kabla ya saa sita, vijana walikuwa tayari wanasema kwamba wenyeji wamefuta majina ya Wakasai kwa kusudi. Upande wa pili walijibu kwamba hao hawakuwa na nyumba hapa tangu mwanzo. Jiwe la kwanza lilirushwa kwenye mlango wa kiongozi wa kartie, ambaye maskini hakuwahi hata kuiona kompyuta yenyewe.

Tulikaa na orodha mbili siku tatu, jina kwa jina. Tulikuta hivi. Mkongo ana majina matatu katika karte yake ya uchaguzi: jina, jina la pili linalofuata, ambalo tangu enzi za Mobutu tunaliita postnom, na jina la ubatizo. Programu ile ilitengenezwa kwa watu wenye majina mawili. Ilikuwa na nafasi ya jina la kwanza na jina la ukoo, basi. Mwandishi mmoja aliweka postnom pamoja na jina, mwandishi mwingine aliitupa. Halafu kuna maandishi yenyewe: mtu mmoja ni Mwamba katika karatasi na Muamba katika benki, Ngoy huku na Ngoie kule, Chibangu aliyeandikwa Tshibangu. Herufi hizo za "tsh" ni desturi ya maandishi ya Kasai hasa, na ndiyo sababu majina yao yaligongana zaidi. Programu ililinganisha jina la orodha na jina la akaunti ya benki, ikaona hayafanani, ikazuia malipo, na aliyezuiwa hakuchapishwa katika orodha. Hakuna mtu aliyefuta jina la yeyote.

Tuliwaita wazee wa pande zote mbili, tukaweka karatasi mezani, kila mtu akasoma mwenyewe. Familia tatu kati ya zile tisa zilikuwa za wenyeji, na hilo ndilo lililotuliza watu kuliko maneno yetu yote. Lakini kusahihisha kulichukua miezi minne. Ofisa wa Kolwezi alijua kosa ni nini, alikubali kosa, aliomba msamaha mbele ya watu. Hakuwa na ruhusa ya kubadilisha herufi moja. Ombi lilikwenda kwa msimamizi wa programu nje ya nchi, likarudi na swali kwa Kiingereza, likatafsiriwa, likaenda tena.

Ingekuwa ngazi mbili, kitabu cha watu wa kulipwa kingekuwa Kolwezi, na herufi ingesahihishwa mbele ya mwenye jina, siku hiyo hiyo. Hilo tunaamini. Lakini tuwe wakweli: kitabu kinachosahihishwa hapa hapa kwa siku moja kinaweza pia kuharibiwa hapa hapa kwa siku moja. Tumewahi kuona orodha ya karatasi ambayo ilikua kwa familia kumi na mbili usiku mmoja. Mashine ya mbali haina binamu.

Programu haichungi mtu

Wengine wanasema: basi programu moja ni dawa ya wizi, kwa kuwa mama anaona kila kitu. Hesabu za KCC zinaonyesha kwamba si rahisi hivyo. Mama wa KCC wa wakati ule, Katanga Mining, aliyekuwa chini ya Glencore, aliuza hisa zake katika soko la Toronto. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilitangaza kwamba hesabu zake za miaka iliyopita zilikuwa na makosa na ikazirekebisha: kiasi cha shaba iliyozalishwa na thamani ya akiba ya madini havikuandikwa sawasawa. Mwezi wa Desemba 2018 wasimamizi wa soko la hisa wa jimbo la Ontario walifunga shauri kwa mapatano, na kampuni pamoja na baadhi ya viongozi wake walilipa zaidi ya dola milioni 30 za Kanada. Wasimamizi walisema udhibiti wa ndani haukutosha.

Tazameni njia ya namba ile. Tani inapimwa Luilu, inaandikwa Kolwezi, inajumlishwa katika ofisi ya mama, inasomwa na mwenye hisa Toronto. Kama iliandikwa vibaya kwenye mzani, haijalishi ilipita programu moja au mbili. Inafika Toronto ikiwa mbovu vile vile, ila katika karatasi safi zaidi. Tunapenda kuwakumbusha viongozi jambo hili kila kampuni inapokuja na maneno kwamba "sasa tuna mfumo mpya wa kimataifa, hakuna kosa tena".

Asilimia 0.3 ya mauzo ya nani?

Hapa viongozi wa vijiji na wa kartie watege sikio. Kanuni ya Madini, sheria ya mwaka 2002 iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inailazimisha kila kampuni ya uchimbaji kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Fedha hizo zinasimamiwa na chombo chenye wajumbe wa kampuni na wajumbe wa jamii. Ni mbali na mkataba wa ahadi, ule unaoitwa kaye de sharje, na ni mbali na mrabaha, ambao asilimia 15 yake inakwenda moja kwa moja kwa eneo lenye mgodi, yaani komini, sekta au usultani, asilimia 25 kwa jimbo, 50 kwa serikali kuu na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo.

Hesabu ya 0.3 ni nyepesi. Mauzo yakiwa dola milioni 100, fungu ni dola 300,000. Yakiwa bilioni moja, ni milioni 3. Ugumu ni kujua mauzo yenyewe, na hapo ndipo suala la programu linaporudi. Katika kitabu cha pamoja cha kampuni mama, mauzo ya Kolwezi kwa dada yake yamefutwa, kama tulivyoeleza. Ukipewa kitabu hicho, huwezi kuyaona. Mjumbe wa jamii aombe hesabu za kampuni tanzu yenyewe, zile za mpango wa OHADA, akatazame akaunti zinazoanza na 70. Mwaka wa hesabu unafungwa tarehe 31 Desemba, na OHADA inaipa kampuni miezi minne kuzikamilisha. Kwa hiyo kuanzia mwezi wa Mei mtu asikubali kuambiwa kwamba hesabu hazijatoka.

Kampuni yenye ngazi mbili inazo hesabu hizo tayari katika kompyuta ya Kolwezi au Lubumbashi. Yenye programu moja inabidi izitengeneze kwa kupitia ile kamusi ya akaunti, na inaweza kusema kwa haki kwamba kazi inachukua muda. Lakini haiwezi kusema hazipo. Sheria haiulizi umenunua programu gani.

Mama akimwuza mtoto

Kuna jambo moja zaidi ambalo familia chache zinalifikiria wakati wa kutia sahihi. Migodi inauzwa. Mwaka 2016 Freeport-McMoRan ya Marekani iliuza sehemu yake ya Tenke Fungurume kwa kampuni ya China ambayo leo inaitwa CMOC, kwa dola bilioni 2.65. Wafanyakazi walibaki, shimo lilibaki, mama alibadilika.

Kwa kawaida, kampuni tanzu yenye kitabu chake inahama nacho. Mnunuzi mpya anakuta kila kitu mahali pake na anaunganisha daraja jipya kwenda juu. Lakini kama kitabu kilikuwa ndani ya seva ya mama wa zamani, lazima kikatwe na kuhamishwa, na wakati wa kukata ndipo vitu vinapoanguka: mikataba midogo, ahadi za awamu ya tatu, namba ya shauri la mjane ambaye nyumba yake ilipasuka kwa milipuko. Kampuni yenye mama wawili ina shida ya namna yake, kwa sababu kila mama anapenda programu yake, na mara nyingi dawa ni kumwachia mtoto kitabu chake mwenyewe na kuwatumia wote wawili jumla.

Ndiyo maana tunaziomba familia zihifadhi karatasi zao. Nakala ya mapatano yenye mhuri, namba ya faili, jina lenye maneno yote matatu kama yalivyo katika karte ya uchaguzi. Na katika mapatano mapya, kiongozi aombe sentensi moja iandikwe: kwamba orodha ya wanaolipwa itakuwa na nakala Kolwezi, na kwamba kuna mtu Kolwezi, kwa cheo chake, mwenye ruhusa ya kusahihisha jina ndani ya siku kadhaa zinazotajwa. Kampuni yoyote inaweza kutoa ruhusa hiyo, hata yenye programu moja, kwa sababu ruhusa ni mpangilio tu ndani ya programu. Inabidi mtu aombe ifunguliwe. Katika ile kartie tuliyoisimulia, baada ya miezi minne ya kungoja, ruhusa yenyewe ilifunguliwa katika mchana mmoja.

Na sisi wenyewe

Tusijifanye watakatifu. Shirika letu nalo ni mtoto wa namna fulani: tuna wafadhili ng'ambo, na mmoja wao alitutaka tuache kitabu chetu tuingie katika programu yake, pamoja na washirika wake wa nchi nyingine. Tulijadiliana wiki mbili. Mtunza kasha wetu, ambaye ni mama mwenye miaka mingi katika kazi hii, aliuliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria: "Nikilipa motari aliyenipeleka Fungurume, hana risiti, hana namba ya kodi. Programu yao itamkubali?" Haikumkubali. Ilidai risiti iliyopigwa chapa kwa kila dola.

Tukabaki na kitabu chetu kwa mpango wa OHADA, na tunatuma jumla kila mwezi, na kwa matumizi madogo tunaambatanisha karatasi iliyotiwa sahihi na mashahidi wawili. Mfadhili alikubali kwa sharti kwamba mkaguzi wake apite mara mbili kwa mwaka bila kutuarifu. Gharama ya programu ilikuwa nafuu kwetu. Gharama ya wakaguzi ilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani, na mwaka wa kwanza tulikosea kamusi ya akaunti, tukaandika mafuta ya pikipiki miezi mitano katika mstari wa mafunzo. Ilibidi tuandike barua ya maelezo, kurasa nne.

Familia sita kati ya zile tisa za Manika zililipwa ndani ya miezi ile minne. Mbili zililipwa baadaye kidogo. Moja bado, kwa sababu mwenye jina alifariki katikati ya safari ya karatasi, na mwanawe wa kwanza ana postnom tofauti na ya baba. Mwezi ujao tunakwenda naye mahakamani kuomba karatasi ya urithi. Wenye kesi kama hiyo waje ofisini kwetu siku ya Jumanne au Alhamisi, asubuhi, na karte ya uchaguzi ya marehemu kama ingaliko.